Marehemu wa Mlango wa Pili

"Miaka thelathini na miwili nimevaa nguo ya serikali," Sajini Komakech alipenda kusema kila asubuhi akinyoa ndevu pale bombani, "na sijaitwa hata mara moja nikakosa kufika. Iwe mvua, iwe risasi. Mimi nikiitwa, nafika."

Alikuwa akikiambia kioo kidogo alichokitundika msumarini, lakini maneno yalikuwa yetu sote, watu wa milango minane ya Hajji Fadhul hapa Bukoto. Hakuna aliyebisha. Nani atambishia mzee wa miaka sitini na mmoja mwenye wembe mkononi? Tumwache anyoe kwa amani, maana kabla povu halijakauka hadithi hii itakuwa imeshamuumbua: mwaka huu aliitwa mara nne, na mara zote nne hakufika.

Ua wenyewe ni wa kawaida. Milango minane, bomba moja, choo kimoja. Choo kina kufuli, na ufunguo wake umefungwa kwenye ndala ya bluu ya mguu wa kushoto, asije mtu akautia mfukoni akaenda nao kazini. Ndala huning'inia kwenye msumari nje ya mlango wa tatu, kwa Mama Perpétue, Mkongo anayeuza vitenge. Ukiikuta, nenda. Usipoikuta, simama hapo uhesabu mabati.

Mlango wa pili ni wa Sajini na mkewe Aryemo, anayesaga simsim, yaani ufuta, na kuiuza kwenye vikopo. Mlango wa saba anakaa fundi simu, kijana mmoja mtanashati, mcheshi, mwaminifu, hodari wa kazi kuliko mafundi wote wa Kampala. Mzikumbuke sifa hizo. Msimulizi hana sababu yoyote ya kuzizidisha.

Halafu kuna kile kiapo. Mwaka juzi mtu mwenye sauti ya kiofisi alimpigia Sajini akijifanya wa pensheni. Akamuuliza hili na lile, kwa heshima, afande huku afande kule, na Sajini, ambaye maisha yake yote amejibu maswali ya wakubwa, akajibu yote, hata namba ya siri ya akaunti. Kufikia jioni, mabati ya nyumba aliyokuwa akijenga Kitgum yalikuwa yameyeyuka kabla hayajanunuliwa. Kesho yake Mama Perpétue akatukusanya bombani.

"Kuanzia leo," akasema, "mutu yeyote hatumujui akiuliza papa Sajini, kwa simu ao kwa miguu, jibu ni moja. Amehamia Kitgum. Mumesikia?"

Tukaapa. Hata Olweny wa mlango wa tano, ambaye hajawahi kukubaliana na kitu, aliapa.

*

Chama cha polisi wastaafu kiliandika barua: siku ya afya, uwanja wa kanisa, Lubaga, wote wenye umri zaidi ya hamsini wafike. Sajini aliitwa, akafika. Akapimwa presha, akapimwa sukari, na mwishoni muuguzi mmoja mwembamba aitwaye Akoth akampa kichupa chenye kijiti na kumweleza, bila kupepesa jicho, alete nini kesho yake.

"Ya nini hiyo?" akauliza Sajini.

"Kutafuta damu iliyojificha, mzee. Ya utumbo. Haionekani kwa macho."

Basi kesho yake maafande wazee sitini walipanga foleni juani, kila mmoja na kichupa chake kimefungwa gazeti, wakiangaliana pembeni kama majambazi waliokutana kwenye benki moja. Aliyewahi kuwa mkuu wa kituo alikuwa mbele ya Sajini, akamwambia, "Komakech, hata wewe?" Naye akajibu, "Amri ni amri, afande."

Kwenye fomu walitaka namba ya simu. Simu ya Sajini wiki ile ilikuwa imezama kwenye ndoo ya kufulia na ilikuwa imelala mlango wa saba, tumbo wazi, ikikaushwa kwa mchele. Kwa hiyo akaandika namba ya fundi. Akaandika na mahali anapokaa, kwa herufi kubwa za kipolisi: BUKOTO, KWA HAJJI FADHUL. Akarudi nyumbani, akasahau.

Miezi minne ikapita. Mkanda wake ukasogea tundu moja, kisha la pili. Alipoulizwa, alisema ni kustaafu. Mtu akikosa gwaride nyama inapungua. Akawa anakaa chini baada ya kubeba jerikeni moja, yeye aliyekuwa anabeba mawili na kutucheka. Aryemo alimwangalia, akamwongezea simsim kwenye mboga.

*

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mwanamke alisimama mbele ya mlango wa pili akiwa na faili kifuani. Alikuwa Akoth, yule muuguzi. Aryemo alikuwa kwenye sigiri, jiko lake la mkaa, anakaanga simsim.

"Mama, habari. Wewe ndiye mjane wa marehemu Komakech?"

Mwiko ulibaki hewani. Mumewe alikuwa ametoka robo saa iliyopita, amesema anaenda dukani kununua wembe. Kati ya hapo na dukani kuna barabara, na kwenye barabara kuna malori. Aryemo alifungua mdomo, lakini aliyetoa sauti ni Mama Perpétue wa mlango wa tatu.

"Mungu wangu ee! Papa Sajini! Ametuacha! Nani atatulinda sasa!"

Mwanamke huyu halii nusu. Mlango wa nne ukafunguka, wa sita ukafunguka, mtu akaanza kutoa viti nje. Hakuna aliyeuliza amekufaje. Aryemo alikaa chini polepole, simsim ikaanza kuungua, na moshi wake ukaenea uani kama ubani.

Sasa Sajini hakuwa amefika dukani. Tumbo lilimgeuza njiani, akarudi kwa lango la nyuma la ua, akachukua ndala, akaingia chooni. Alisikia kilio. Akasema moyoni, maskini, nani tena huyo, akafunga mkanda haraka ili akatoe pole kama jirani mwema. Akatoka, ndala mkononi, akasimama nyuma ya watu. "Poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Msimulizi ameona mambo mengi Kampala, lakini hajawahi kuona marehemu akitoa pole msibani kwake. Olweny aliangusha kiti. Mama Perpétue alikatiza kilio katikati ya neno, akamtazama kuanzia kichwa mpaka ile ndala ya bluu, akapiga ishara ya msalaba. Aryemo aliinuka, akaenda mpaka kwa mumewe, akamshika sikio, akalivuta kidogo. Lilikuwa la moto. Akarudi kwenye sigiri.

Akoth ndiye aliyezungumza. Alifungua faili na uso wake ulikuwa umepauka.

"Mzee, hapa umeandikwa umefariki."

"Nani ameandika?"

"Mimi. Nimekuja kumuuliza mjane... kuuliza ulikufa kwa nini. Tunafuatilia wote ambao kipimo chao kilionyesha damu."

"Nani alikwambia nimekufa?"

"Tulipiga simu, mzee. Mara nne."

Mambo ya mitandao yetu mnayajua. Simu zinaingiliana, unampigia mtu wa Bukoto anapokea mtu wa Busia. Sajini, mpelelezi wa zamani, alimwita fundi wa mlango wa saba palepale na kumuuliza kama alipigiwa. Fundi akajibu kwa utulivu, mbele ya watu wote, huku Akoth akihangaika na karatasi za faili lake, kwamba hakupigiwa na mtu, afande, labda mtandao. Sajini akaridhika. Zaidi ya hayo, neno lililokuwa limemkwama kichwani halikuwa simu.

"Ulisema damu," akamwambia Akoth.

*

Akoth aliwaeleza mume na mke, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini ambayo mlango wa kwanza na wa tatu waliisikia vizuri. Damu inaweza kuwa ya kitu kidogo tu. Inaweza kuwa ya kivimbe ambacho bado hakijawa kibaya na kinakatwa siku hiyohiyo. Inaweza kuwa saratani. Kipimo cha kichupa hakijui tofauti. Kinachojua ni kamera: mpira mrefu mwembamba wenye taa, unaingizwa kutoka nyuma, daktari anaangalia utumbo wote.

"Kutoka nyuma," alirudia Sajini.

"Ndiyo, mzee. Gharama ya kamera mpango wetu unalipa. Wewe unakunywa dawa siku moja kabla, ya kuosha tumbo mpaka maji yatoke meupe. Na unakuja na mtu mzima, atakusainia, maana kuna sindano ya kulegeza. Hatukuachii uondoke peke yako."

"Anisainie?"

"Ndiyo."

"Binti yangu, mimi nimewasainia watu miaka thelathini na miwili. Waliokuwa wanasainiwa walikuwa na pingu."

"Fanya hivi," akasema Aryemo kwa muuguzi, kana kwamba mumewe bado ni marehemu. "Andika tarehe."

Lakini tarehe haiandikwi kwa maiti. Faili lilikuwa limefungwa, na kulifungua kulihitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji. Sajini alikaa kwenye benchi la ofisi ya mwenyekiti asubuhi nzima, nyuma ya watu wa kesi za mifereji, na alipoingia ilibidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe alichokuja kuomba. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika: *Ninathibitisha kuwa mtajwa yu hai na ninamfahamu.* Akapiga muhuri mara mbili, wa pili kwa furaha tu.

Sajini alikunja karatasi ile, akaitia mfuko wa shati, na njia nzima aliibonyeza kwa kiganja. Wakati ule hakumwambia mtu kwamba usiku uliotangulia alikuwa ameota amezikwa na anasikia watu wakigawana viti.

*

Tarehe ya kwanza aliiharibu mwenyewe, ingawa choo kilimsaidia.

Alianza kunywa ile dawa saa kumi alasiri, amefungiwa chumbani, lita tatu za kitu chenye ladha ya chumvi na ndimu bandia. Baada ya lita moja tumbo lilitoa amri. Sajini alitoka kama mtu asiye na haraka, mikono nyuma, akafika mlango wa tatu. Msumari ulikuwa mtupu. Kutoka chooni Olweny alikuwa akiimba, na Olweny akianza kuimba amejipanga kwa beti zote.

"Olweny."

"Nani?"

"Mimi."

"Karibu dakika mbili, afande."

Nyuma ya Sajini wakaja mtoto wa mlango wa nane na mama yake. Wakamwamkia, wakasimama. Alikuwa anajikaza jasho likimtoka masikioni, anaongea na yule mama habari za mvua. Alipopata zamu yake alitoka akakuta foleni ya wanne wakimwangalia, na baada ya dakika tano alirudi tena nyuma ya foleni ileile. "Umekula nini, afande?" mtu akauliza, na watu wakacheka, cheko la kawaida la jirani, lisilo na ubaya wowote. Sajini alirudi chumbani, akamwaga lita mbili zilizobaki kwenye beseni, akamwambia Aryemo amemaliza.

Asubuhi akaondoka kabla mkewe hajavaa. Hospitalini karani alimuuliza, "Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Aliyekusindikiza yuko wapi?"

"Nje. Anaegesha gari."

Karani alitazama viatu vyake vyenye vumbi jekundu mpaka kwenye kifundo. Akoth alikuja, akamuuliza rangi ya maji yaliyotoka mara ya mwisho, na Sajini, aliyeapa mbele ya mahakimu hamsini, alishindwa kudanganya kuhusu rangi.

"Mzee, rudi nyumbani," akasema Akoth kwa upole. "Kamera haioni kwenye tope. Wiki mbili, Alhamisi. Na mtu wako."

*

"Sirudi," Sajini akamwambia mkewe jioni ile. "Waandike tena marehemu. Walikuwa karibu kupatia."

Aryemo alikuwa anajaza vikopo. Aliendelea kujaza.

"Unasikia?"

"Nimesikia. Unaogopa watu watajua tumbo lako limeharisha."

"Siogopi. Ni heshima. Nikipita hapo watu wanasimama, Aryemo. Sasa nipite mara kumi na tano na ndala mkononi?"

"Ile Jumanne," akasema Aryemo, "nilikuwa mjane kama dakika sita. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, na hajanywa chai. Basi. Sikufikiri kitu kingine." Alifunika kikopo, akakibonyeza kwa kiganja mpaka kikalia. "Dakika sita zile sizitaki tena kwa ajili ya choo cha Hajji Fadhul."

Akainuka, akatoka nje. Sajini alidhani ameenda kuchota maji. Alisikia bomba likifunguliwa, likafungwa, kisha akasikia sauti ya mkewe, ambayo kwa miaka saba kwenye ua huu hakuna aliyewahi kuisikia ikipita mlango wa tatu.

"Jirani zangu! Mume wangu ana damu tumboni. Wanataka kumwekea kamera, na lazima aoshe tumbo, na choo hakimtoshi. Hilo tu. Anayetaka kucheka acheke sasa."

Sajini alikaa kitandani akashika kichwa. Kama ardhi ya Bukoto ingefunguka, angeingia kwa hatua za gwaride.

Nje hapakuwa na kicheko. Palikuwa na minong'ono, kisha viatu, kisha lango likafunguliwa na kufungwa. Baada ya muda mrefu mlango wake ukagongwa. Alikuwa Hajji Fadhul mwenyewe, mwenye nyumba, mtu ambaye kwa kawaida hufika tarehe moja tu ya mwezi. Amevaa kanzu. Nyuma yake ua mzima.

"Afande," akasema Hajji. "Jumatano ile ya kunywa dawa choo ni chako. Kuanzia saa nane mchana mpaka kesho yake. Nimeongea na watu wa msikiti, wanaume wataenda kule. Wanawake watatumia cha shule, mwalimu amekubali."

"Na mimi nimemaliza kuimba," akasema Olweny.

Mama Perpétue akatoka mbele. Alikuwa ameiosha ile ndala kwa sabuni, imetakata, bluu yake imerudi kama siku iliponunuliwa. Aliishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anayempa mkubwa maji, akamkabidhi.

Sajini aliipokea. Alitaka kusema kitu. Akabana visigino pamoja, akapiga saluti, ndala ikiwa kwenye mkono wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kucheka, hata msimulizi.

*

Jumatano ile ilikuwa ajabu. Saa nane kamili ua ulijipanga bila mpangaji. Milango yote ikaegeshwa. Waliokuwa na kazi ya nje waligeuza viti wakaelekea ukutani, wakamenya ndizi wakiangalia matofali. Kila Sajini alipotoka, redio ya mlango wa nne iliongezwa sauti, na alipoingia chooni iliongezwa tena. Alipita mara ya tatu, ya sita, ya kumi. Mara zote aliona migongo. Alikuwa ameishi miaka yote watu wakisimama na kumwangalia usoni, na hakujua kwamba mgongo wa jirani unaweza kukubeba.

Mara ya kumi na nne aliegemea bomba kupumua. Mbele yake watu wazima saba na watoto kama kumi walikuwa kimya, nyuso ukutani, na jua likiwashukia mabegani. Hakuna aliyegeuka. Mtoto wa mlango wa nane peke yake alinyoosha mkono nyuma, bila kuangalia, na mkononi alikuwa ameshika kikombe cha maji.

Maji ya mara ya kumi na tisa yalikuwa meupe. Aryemo alithibitisha kwa tochi.

*

Hospitalini walimvua mkanda, saa, viatu. Akoth alivitaja kimoja kimoja na Aryemo akaviweka kwenye mfuko wake wa simsim. Sajini alivitambua vizuri vile vitu na ile orodha. Ndivyo alivyowapokea watu kaunta miaka ile yote, mkanda, saa, viatu, saini hapa, na hakuwahi kuwatazama nyuso wakati wanavua. Aryemo alisaini kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi. Kwenye nafasi ya uhusiano aliandika MKE, akaipigia mstari.

Gauni la hospitali lilikuwa wazi nyuma. Alilala ubavu, magoti kifuani. Sindano ikampitia kama joto la pombe, lakini hakulala. Macho yake yalibaki wazi, na mbele yake kulikuwa na kioo cha televisheni.

"Ukitaka, usiangalie," daktari akasema.

Aliangalia. Alitarajia uchafu. Alitarajia giza. Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa njia ya waridi, inang'aa, imeoshwa, ina pete baada ya pete kama matao ya kanisa yaliyolainishwa, na mishipa myekundu imechorwa juu yake kwa mkono ambao haukutetemeka. Taa ikasonga mbele na njia ikafunguka. Ikakunja kona, na baada ya kona palikuwa na ukumbi mwingine. Yote haya alitembea nayo. Alikwenda nayo doria, alisimama nayo jua la gwaride, alikaa nayo kwenye benchi la mwenyekiti, na hakuna aliyewahi kuingia humo na taa tangu alipozaliwa.

"Hii ni mimi?" akauliza, ulimi mzito.

"Ni wewe, mzee."

"Ni kuzuri."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Taa ilikuwa imesimama. Ukutani, juu ya kishina chake, kilikaa kitu kama uyoga, chekundu, kimevimba, na kwenye ncha yake tone la damu lilikuwa linajikusanya taratibu. Hakuna aliyemwambia. Alijua mwenyewe, kama alivyokuwa akijua mwizi kwa jinsi anavyosimama.

Kitanzi cha waya mwembamba kikatokea upande wa kioo. Kikautafuta uyoga, kikaukosa, kikaurudia, kikaingia shingoni, kikakaza. Moshi kidogo. Kisha ukuta ukabaki na kidonda cheupe cha ukubwa wa kifungo, na njia ikaendelea.

Machozi yalimshuka Sajini kwa upande, yakaingia sikioni. Baadaye alisema ni dawa.

*

Majibu yalichukua wiki tatu. Daktari aliwaambia kivimbe kilikuwa kimeanza kubadilika, kichwani tu, hakijashuka kwenye kishina. Kimetoka chote. Arudi baada ya mwaka.

"Na kama nisingekuja?" Sajini akauliza.

"Kila mwezi kilikuwa kinashuka, mzee. Hukuwa na miezi mingi ya kupoteza."

Jumapili Aryemo alipika kuku kwa mchuzi wa simsim na kualika milango yote, na Hajji, na muuguzi Akoth. Tulikaa uani. Sajini alisimulia uyoga mara tatu na kila mara ulikua. Kisha akasimama, glasi ya soda mkononi, akasema, "Miaka thelathini na miwili, sijaitwa nikakosa..." Ua mzima ukazomea. Naye akacheka, akakaa, akasema, "Haya, mara nne. Lakini hizo hazikunifikia."

Hapo ndipo msimulizi alipoombwa aisimulie hadithi yote kuanzia mwanzo, maana kwa kuigiza sauti za watu hana mpinzani. Akaanza na kioo na wembe. Akamliza Mama Perpétue, akamwimbisha Olweny, watu wakashika mbavu. Akafika kwenye zile simu nne, akaeleza habari za mitandao yetu, jinsi zinavyoingiliana, unampigia mtu wa Bukoto anapokea mtu wa Busia.

Akoth alikuwa ameacha kula. Alikuwa amemkazia macho msimulizi tangu alipoanza.

"Hiyo sauti," akasema. "Simu hazikuingiliana. Zilipokelewa. Mara ya kwanza aliniambia mzee amehamia Kitgum. Ya pili, Kitgum. Ya tatu akasema nisimsumbue. Ya nne nilimwambia mimi ni wa hospitali, akacheka, akasema basi andika amefariki, amezikwa jana, tumekula pilau."

Kicheko kilikatika. Mama Perpétue aliweka sahani chini.

"Kulikuwa na kiapo," msimulizi akasema. "Nilijua ni matapeli."

Alikuwa hajaulizwa kitu. Akoth alitoa simu yake mkobani, akaitafuta humo namba ya kwenye fomu, ile aliyoipiga mara nne, akabonyeza.

Ua ulisubiri. Kisha wimbo mwepesi wa simu ukaanza kulia, wazi kabisa, mfukoni mwa fundi wa mlango wa saba, kijana mtanashati, mcheshi, mwaminifu. Mfukoni mwangu.

Sajini hakuinuka. Alinitazama kwa muda, kama alivyokitazama kile kitu kwenye kioo, na alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Kijana," akasema, "umeitwa."